Kinasa Sauti kwa Vikundi vya Vijijini: Mafunzo Kutoka Mabogini

Kusini ya mji wa Moshi, pale ambapo miteremko ya Kilimanjaro inakwisha na ardhi inakuwa tambarare yenye joto kali, ipo kata ya Mabogini. Wasomaji wengi wa Visiwani wanaijua Moshi kwa kahawa na migomba. Mabogini ni nchi ya mpunga. Katika miaka ya 1980 Serikali ya Tanzania, kwa msaada wa Japani, ilichimba huko mifereji ya mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, na tangu siku hizo wakulima wamekuwa wakigawana maji kwa zamu. Watu wa hapo wana asili mbalimbali, na muziki wao ni wa asili mbalimbali vilevile: kwaya za makanisani, kasida na dufu za madrasa, na ngoma ambazo kila ukoo ulikuja nazo kutoka kwao.

Nilifika huko kwa shughuli ya arusi ya jamaa zetu. Katika mazungumzo ya barazani nikaambiwa habari za kikundi kimoja cha akina mama, waimbaji wa ngoma, ambacho kiongozi wake, bibi wa umri mkubwa, alikuwa amefariki msimu uliotangulia. Wakamsifu sana kwa sauti yake na kwa hazina yake ya beti. Nikaomba nisikie. Kijana mmoja akatoa simu, akatafuta kwa muda mrefu, kisha akanipa. Sauti iliyokuwemo haikutimia dakika moja. Ngoma ilikuwa ikidunda kama mtu agongaye bati, na kila ilipodunda sauti ya bibi ilizama. Ilipoanza kuibuka simu ikaita, na kurekodi kukakatika hapo hapo. Mtu aliyepiga simu ile hakujua kwamba ameikata sauti ya mwisho ya mtu.

Nilielezwa pia kwamba vipande vya namna ile ndivyo kikundi kilivyovipeleka katika ofisi moja iliyokuwa ikichagua washiriki wa tamasha, na jibu likawa kwamba sauti haifai. Wenyeji wangu waliona wamedharauliwa. Mimi, nisiwafiche wasomaji, sikuona dharau. Aliyekaa ofisini alisikia bati, hakumsikia bibi. Mzee mmoja akaniuliza swali ambalo ndilo lililonifanya niandike makala haya: “Mwanangu, wewe unatembea na wakubwa. Chombo cha kushika sauti vizuri, cha bei ya watu kama sisi, kipo au hakipo?”

Kipo. Lakini kwa muda mrefu hakikuwepo, na ni vizuri tukumbuke. Siti binti Saad alipotaka sauti yake ishikwe katika santuri mwaka 1928 ilimlazimu avuke bahari mpaka Bombay. Hugh Tracey alipopita Tanganyika mwaka 1950 kunasa muziki wa asili, alikuja na gari lililobeba mitambo na jenereta, na aliyoyanasa yamehifadhiwa hadi leo Afrika ya Kusini. Baada ya Uhuru bendi zetu zilikwenda Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo leo ni TBC Taifa. Zilipiga, zikarekodiwa, na mkanda ukabaki redioni. Maktaba ile ni mali kubwa ya Taifa, lakini ni vikundi vingapi vilirudi nyumbani na nakala mkononi? Kampuni ya Philips ilipotoa kaseti ndogo mwaka 1963 mambo yakaanza kubadilika, na sisi tuliosoma vyuoni katika miaka ya 1980 na 1990 tunaikumbuka redio kaseti ya mwalimu iliyowekwa kwenye mkeka wakati wa maulidi, na mkemeo mkali kwa mtoto atakayekohoa. Kaseti hizo zimeliwa na ukungu, au kuna mtu amerekodi taarabu juu yake.

Sasa tuje kwenye simu, maana kila afisa niliyezungumza naye ameniambia kwamba kila mtu ana simu, basi tatizo liko wapi. Simu imetengenezwa kwa mdomo wa mtu mmoja ulio karibu. Ndani yake mna utaratibu unaoongeza sauti ikiwa ndogo na kuipunguza ikiwa kubwa, bila ya kumuuliza mwenyewe. Kwa mazungumzo ni jambo jema. Kwa ngoma ni maafa, kwa sababu kila mkono unapoanguka juu ya ngozi simu inashusha kila kitu, pamoja na mwimbaji, kisha inapandisha tena, na matokeo yake ni lile bati nililolisikia Mabogini. Halafu sauti hiyo hutumwa kwa WhatsApp, ambako hubanwa tena ili iwe nyepesi kusafiri. Sisemi simu haifai kabisa. Kijana mwenye simu nzuri, programu ya kurekodi inayomwezesha kuuzima utaratibu huo, na kipaza sauti cha nje cha kuchomeka, anaweza kufanya kazi ya kuridhisha. Lakini akishanunua vyote hivyo atakuwa amekaribia bei ya kinasa sauti, na bado simu itaita.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kumuuliza muuzaji ni hili: chombo hiki kinaniruhusu mimi mwenyewe kupanga kiasi cha sauti inayoingia? Kama hakiruhusu, kirudishwe rafuni hata kikiwa kinang'aa vipi. Madukani vimejaa vinasa sauti vidogo vya mikutano, vya bei rahisi, ambavyo makarani na waandishi wa habari huvitumia kwa hotuba. Kwa muziki havifai, kwa kosa lile lile la simu. Mwanamuziki anahitaji kumwambia mpiga ngoma apige kwa nguvu zake zote, atazame kiooni mshale wa kipimo unafika wapi, kisha apunguze mpaka kilele kibaki chini ya sifuri kwa desibeli 12 hivi. Sauti ndogo mno inaweza kukuzwa baadaye. Sauti iliyopasuka haishonwi.

La pili ni namna ya kuhifadhi. Chombo kiwe kinaandika faili za WAV, siyo MP3 peke yake. Kwa kiwango cha santuri ya CD, WAV huchukua takriban megabaiti 10 kwa kila dakika moja, yaani saa nzima ni kama megabaiti 635, na kadi ya gigabaiti 32 hubeba takriban saa 50. Nani ana ngoma ya saa 50? MP3 hupunguza ukubwa huo kwa kuzitupa sehemu za sauti, na kilichotupwa hakirudi. Atakayetaka nyepesi ya kutuma ataitengeneza kutoka kwenye WAV, lakini asili ibaki nzima.

La tatu, ambalo watu wa mjini hulisahau, ni umeme. Chombo kinachotegemea betri ya ndani peke yake kitazimika katikati ya mkesha, na kitakapochakaa hiyo betri hutaipata Moshi wala Chake Chake. Bora kile kinachotumia betri za kawaida, zile za saa ya ukutani au za rimoti, ambazo hata duka la kijijini linazo.

Vyombo vyenye sifa hizo kwa bei ya chini havizidi vichache, na nitavitaja kwa majina kwa sababu mzee wa Mabogini hakuniuliza nadharia. Kampuni ya Zoom ya Japani ilitoa H1 mwaka 2010, kisha H1n mwaka 2018. H1n ina vipaza sauti viwili vilivyopishana kama mkasi, gurudumu la kupangia kiasi cha sauti lililo wazi juu yake, na betri mbili za rimoti. Tascam, nayo ya Japani, ilitoa DR-05 mwaka 2011 na DR-05X mwaka 2019. Hii inatumia betri mbili za saa ya ukutani, na vipaza sauti vyake husikiliza pande zote. Mwaka 2024 Zoom ikaleta H1essential, ambayo haina haja ya kupangiwa kiasi cha sauti kabisa: inarekodi kwa hesabu pana mno kiasi kwamba mnong'ono na mshindo huingia pamoja, na atakayesikiliza ndiye anayepandisha au kushusha baadaye bila ya kuharibu. Vilipotoka, vyombo hivi viliuzwa Marekani kwa dola 100 au zaidi kidogo. Hapa kwetu msomaji aongeze usafiri, ushuru na faida ya mwenye duka.

Nikiulizwa nichague mimi, kwa kikundi ambacho hakina fundi, ningechukua H1essential, maana kosa kubwa la anayeanza limeondolewa. Kwa kikundi kinachokaa duara, waimbaji mbele na nyuma, DR-05X inasikiliza vizuri kwa sababu haichagui upande. Na atakayekuta H1n iliyotumika lakini nzima, kwa bei ya kupungua, asione haya. Vipo vyombo vikubwa zaidi vyenye matundu ya kuchomeka vipaza sauti vya jukwaani. Hivyo ni vya bendi zenye vyombo vya umeme. Kwa ngoma, dufu, kwaya au kidumbak, fedha hiyo ya ziada heri inunuliwe kigoda cha miguu mitatu na kofia ya manyoya ya kuzuia upepo. Vinasa sauti hivi vina maganda ya plastiki mepesi, na kila kidole kinachokigusa chombo husikika kama panya darini. Kwa hiyo visishikwe mkononi. Na upepo wa tambarare ya Mabogini, kama upepo wa pwani ya Makunduchi, hauzuiliwi na kipande cha sponji.

Kadi za kuhifadhia zina hila yake. Zimezagaa kadi bandia zinazojidai kuwa na gigabaiti 128 na zisiwe na hata robo yake. Kadi ya namna hiyo hupokea kila kitu kwa adabu, na nusu ya kazi isionekane tena. Kadi mpya ijazwe faili mpaka mwisho, zifunguliwe na kusikilizwa, ndipo iaminiwe. Kwa Visiwani naongeza kwamba betri zitolewe chombo kinapowekwa, kwani hewa ya chumvi huzitafuna ncha zake.

Hapa nawageukia viongozi wahusika. Nimeshuhudia mipango ya kuanzisha studio kubwa ambayo ikifunguliwa hukosa fundi, na ufunguo wake hukaa na mtu aliye safarini. Zanzibar ina wilaya 11. Vinasa sauti 11, kimoja kwa kila afisa utamaduni wa wilaya, ni kama dola 1,100 kabla ya usafiri na ushuru. Kwa mkoa wa Kilimanjaro, wenye wilaya sita, ni dola 600. Fedha hiyo hutumika katika semina moja ya siku mbili, chai ikiwemo. Afisa akifika kijijini siku ya shughuli na chombo mfukoni, kazi imefanyika. Lakini asiondoke na sauti za watu kama walivyofanya wengine kabla yake. Nakala moja ibaki kwa kikundi, nyingine ofisini, ya tatu mahali mbali na hizo mbili, na kikundi kiandikishe kazi yake: kwa Bara kuna COSOTA, iliyoanzishwa kwa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, na kwa Zanzibar kuna COSOZA, chini ya sheria ya mwaka 2003.

Jambo moja zaidi nililipata chuoni kabla sijaingia skuli. Mwalimu wetu hakukubali neno lisilo na mpokezi: umelisikia kwa nani, na yeye kwa nani? Kila kirekodiwacho kianze kwa sauti ya mtu akitaja siku, mahali, jina la wimbo, majina ya waimbaji, na aliyewafundisha. Karatasi hupotea na kadi hubadilishwa. Yaliyotamkwa ndani ya sauti yenyewe husafiri nayo.

Nilirudi Mabogini baada ya mavuno. Akina mama walikuwa wamechanga fedha za mpunga, na jamaa mmoja aliyeko Dar es Salaam akawatafutia chombo. Walikuwa wamejaribu usiku, wakakuta vyura wa majarubani wanawashinda waimbaji. Mchana zikawashinda pawatila. Wakaamua alfajiri, baada ya sala, nyuma ya nyumba palipo na ukuta wa kuzuia upepo. Chombo kiliwekwa juu ya kigoda, hatua tatu kutoka kwa waimbaji, na ngoma zikarudishwa nyuma ya hatua nyingine nne. Binti wa marehemu alitaja tarehe, akataja Mabogini, akayataja majina ya wenzake mmoja mmoja, kisha jina la mama yake. Akaimba beti alizokuwa nazo. Alipofika zilipokwisha akanyamaza, na ngoma ikaendelea peke yake kidogo. Ndipo mzee yule aliyeniuliza swali, aliyekuwa amekaa pembeni na hakuhesabiwa miongoni mwa waimbaji, akatoa ubeti mwingine kwa sauti ya kukwaruza, na wanawake wakaupokea.