Dalili ya Mvua ni Mawingu, Bali Mbegu Huota Udongoni



Kila mwaka ufikapo mwezi wa Novemba, macho ya watu wa Kondoa huelekea juu. Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Maneno hayo ni kweli, lakini hawakusema kwamba mvua ya siku moja ni msimu. Nchi yetu ina msimu mmoja tu wa mvua, nao huisha Aprili. Apotezaye mbegu mwanzoni hana msimu wa pili wa kutengeneza kosa lake.

Yafaa basi tujue mawingu ya namna tatu.

Ya kwanza ni yale membamba, yaliyo juu sana, kama nyuzi za pamba iliyochambuliwa. Hayo ni chembe za barafu, wala hayanyeshi shambani.

Ya pili ni mafungu meupe ya mchana. Jua huipasha ardhi joto, hewa hupanda pamoja na mvuke, na huko juu penye baridi mvuke hugeuka matone madogo. Yakibaki madogo, hutoweka jioni.

Ya tatu ni hayo mafungu yakizidi kukua hata kuwa kama mlima, chini meusi, kilele kimetandazwa kama fuawe ya mhunzi. Hilo ndilo wingu la radi na mvua kubwa. Lakini mara nyingi humimina mahali pamoja tu, na shamba la jirani likabaki kavu.

Hapo ndipo hatari ilipo. Mtu hupata manyunyu jioni, na kesho yake hupanda mahindi yote. Mbegu huota, kisha jua huwaka wiki mbili, na miche hufa. Atapanda nini tena?

Fanyeni hivi. Baada ya mvua, chimbeni shimo katikati ya shamba. Udongo ukiwa na unyevu hata kina cha shibiri moja, pandeni, usipofika, ngojeni. Tangulizeni uwele na mtama, ambao huvumilia ukavu kuliko mahindi, na wekeni akiba ya mbegu. Sikilizeni pia redioni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Tena, andaeni matuta ya kukinga mteremko kabla mawingu hayajaja. Mvua ya milimita 20 huleta juu ya eka moja maji yapatayo debe 4,000. Yakizuiwa, hunywesha mimea. Yakiachwa, huchukua udongo. Makorongo ya Kondoa ni ushahidi wa jambo hili: ndiyo sababu kazi ya Hifadhi Ardhi Dodoma ilianzishwa mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika vilima vilivyoharibika.

Wingu hatuwezi kuliamuru. Mbegu na jembe vimo mikononi mwetu. Tazameni juu, ndugu zangu, lakini msipande mpaka mmeuliza udongo.