Saa Inayotambua Mtu Ameanguka: Je, Tuitegemee?

 Leo tunazungumza juu ya wazee wetu na kuanguka, hasa juu ya kifaa ambacho watu wengi wameanza kuwanunulia wazazi wao. Ni saa ya mkononi ambayo husemekana hutambua mtu akianguka, kisha hupiga simu yenyewe kuomba msaada.

Huenda wewe unafanya kazi Nairobi, Doha au Boston, na mama yako amebaki nyumbani peke yake. Umesikia habari za saa hii na moyo wako umetulia. Swali letu leo ni hili: je, ni haki moyo utulie?

Kuanguka si jambo dogo

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka. Kundi linalopoteza watu wengi zaidi ni la wale waliopita miaka 60. Zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kama hii yetu.

Lakini msikilizaji, kuanguka kwenyewe ni nusu tu ya hatari. Nusu ya pili ni muda ambao mtu hukaa sakafuni bila kusaidiwa. Mzee aliyevunjika nyonga akilala saa nyingi chini, mwili wake hupoteza joto na maji. Misuli iliyogandamizwa huanza kuharibika, na taka zake huingia katika damu na kuumiza figo. Ngozi hufanya vidonda. Mapafu nayo yaweza kushikwa na nimonia. Kwa hiyo kifaa chochote kinachofupisha muda huo kina faida kubwa, mradi kifanye kazi yake.

Saa hii hufanyaje kazi?

Ndani ya saa mna vifaa vidogo sana vinavyopima mwendo wa mkono: unakwenda kwa kasi gani, unageuka vipi, na umesimama kwa ghafla kiasi gani. Mtu akianguka, mkono hushuka kwa kasi, hugonga kwa kishindo, kisha hutulia. Saa ikiona mwendo wa namna hiyo, hukisia kwamba aliyeivaa ameanguka. Nasema hukisia, kwa maana saa haina macho.

Kampuni ya Apple ilileta huduma hii katika saa zake mwaka 2018. Samsung na Google nao wana saa zenye huduma kama hiyo. Tuchukue ya Apple iwe mfano. Ikihisi anguko kubwa, humgonga mwenyewe mkononi, hulia, na kumwuliza kwa maandishi kama yuko salama. Akijibu kwamba hana neno, mambo huishia hapo. Asipojibu, na akawa hajasogea kwa kama dakika moja, saa huhesabu sekunde kwa kelele. Kisha hupigia nambari ya dharura ya nchi aliyomo, na baadaye huwatumia jamaa walioandikishwa ujumbe wa mahali alipo.

Na kweli imewahi kusaidia. Mwaka 2019 huko Norway, mzee wa miaka 67 alizirai bafuni usiku akaanguka. Saa yake ikapiga simu, na polisi walipofika walimkuta sakafuni, uso umejaa damu. Hatuwezi kusema basi kwamba ni kitu cha bure.

Je, hutambua kila anguko?

Hapana. Apple wenyewe wanasema wazi kwamba saa yao haiwezi kutambua kila anguko. Sababu si ngumu kuelewa. Wazee wengi hawaanguki kwa kishindo. Mmoja huteleza polepole kutoka kitandani. Mwingine hushikilia ukuta akishuka kidogo kidogo mpaka chini. Mwingine magoti humlegea, akajikuta ameketi sakafuni na hawezi kuinuka. Hapo saa haihisi kishindo, na yaweza kunyamaza kimya.

Kuna jambo lingine. Vifaa vya namna hii mara nyingi hujaribiwa kwa vijana wanaojiangusha makusudi juu ya godoro. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, wataalamu walichukua njia 13 za kutambua anguko, wakazipima kwa maanguko 29 ya kweli. Kwa wastani, njia hizo zilitambua kama asilimia 57 tu. Vifaa vya utafiti huo havikuwa saa za mkononi, na ujuzi umesonga mbele tangu wakati huo. Hata hivyo fundisho ni lile lile: godoro la majaribio si sakafu ya nyumbani.

Na upande wa pili, saa huweza kuita msaada bure. Katika majira ya baridi ya 2022 hadi 2023, vituo vya dharura katika milima ya Colorado, Marekani, vilipokea simu nyingi zilizopigwa na saa na simu za watu waliokuwa katika mchezo wa kuteleza kwenye theluji. Hawakuwa na shida yoyote. Ubaya wa kelele za bure ni kwamba mwenye saa huchoka nazo, akaizima huduma yenyewe.

Hapa tafadhali sikiliza vizuri. Tumesema saa hiyo hupiga simu yenyewe mtu asiposogea. Je, aliyevunjika nyonga lakini ana fahamu, anayejipindua kwa maumivu akijaribu kuinuka? Saa ikiona anasogea, humngoja ajibu, wala haipigi simu yenyewe. Ni lazima yeye mwenyewe aguse kioo au abonyeze kitufe. Wengi hawalijui jambo hili, na ndilo laweza kumwacha mzee chini usiku kucha huku saa iko mkononi.

Tena kubonyeza si jambo la kudhania tu kwamba litafanyika. Utafiti wa Cambridge, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2008, uliwafuata wazee waliopita miaka 90. Wengi wao walikuwa na vifaa vya kuita msaada kwa kubonyeza kitufe. Hata hivyo, wengi walioanguka wakiwa peke yao na kushindwa kuinuka hawakuvitumia.

Tusisahau pia betri. Saa nyingi za Apple hukaa na chaji kwa takriban saa 18, kwa hiyo kila siku kuna wakati zinavuliwa. Watu wengi huzichaji usiku, na usiku ndio wakati mzee huamka gizani kwenda chooni.

Simu imepigwa. Nani anakuja?

Saa nyingi hazina laini yake ya simu. Hutegemea simu iliyo karibu. Simu ikiachwa jikoni na mzee akaangukia shambani, au mtandao ukiwa haushiki, saa yaweza kulitambua anguko na bado isiweze kumwambia mtu.

Na ikipata mtandao je? Hapa Kenya, nambari 999 na 112 humfikisha mtu kwa polisi. Anayepokea atasikia sauti ya mashine ikisema mtu ameanguka, na kumtajia mahali kwa tarakimu za ramani. Nyumba nyingi za mashambani hazina jina la barabara wala nambari ya mlango. Kumfikia mama kwahitaji mtu anayeijua njia: ukipita shule, ukate kushoto penye posho mill, nyumba ya pili yenye mabati mekundu.

Ujumbe mwingine utakufikia wewe huko Boston, labda ukiwa umelala. Wahenga walisema, fimbo ya mbali haiui nyoka.

Mambo ya kufanya

Ikiwa mzazi wako ana saa hii, au unataka kumnunulia, zingatia haya:

Kwanza, hakikisha huduma imewashwa. Katika saa ya Apple hujiwasha yenyewe kwa aliyeandikishwa kuwa na miaka 55 au zaidi. Ukiiandikisha kwa mwaka wako wa kuzaliwa, huenda ukampelekea mama saa ambayo hailindi wakati wote.

Pili, katika orodha ya watu wa kuarifiwa, tanguliza walio karibu: jirani, shemeji, au mhudumu wa afya wa kijiji. Mmoja wao awe na ufunguo wa nyumba, na nambari ya bodaboda au teksi inayotoka hata usiku.

Tatu, jaribuni. Mama apige simu ya kawaida kwa jirani kupitia saa akiwa chumbani, bafuni, chooni na shambani. Mtajua ni wapi haishiki. Msipige 999 kwa majaribio, maana mwaweza kumzuilia mwenye shida ya kweli.

Nne, mfundishe kubonyeza kitufe cha dharura. Arudie kila wiki mpaka mkono uzoee, na ajue namna ya kukatiza kabla simu haijaenda.

Tano, saa ichajiwe mchana, wakati kuna mtu nyumbani, ili usiku iwe mkononi.

Sita, wekeni mpango usiotegemea saa. Mkubaliane na jirani kwamba dirisha la mama lisipofunguliwa kufikia saa moja asubuhi, atakwenda kubisha hodi. Mpango huu hauhitaji chaji wala mtandao.

Saba, punguzeni kuanguka kwenyewe. Wekeni taa ya usiku, ondoeni mikeka inayoteleza, na mfunge vishikio bafuni. Mzee akiamka aketi kidogo kabla ya kusimama, hasa kama anatumia dawa za presha. Apimwe macho. Na akianguka, hata bila kuumia, amweleze daktari, kwa sababu aliyeanguka mara moja ni rahisi kuanguka tena.

Kwa kumalizia

Basi msikilizaji, tukirudi kwa swali letu: saa hii ni msaidizi mzuri, lakini si mlinzi. Ikilia, kimbia. Isipolia, usiseme, "Mama yuko salama, saa imenyamaza." Kunyamaza kwake huenda kukawa ni anguko lisilo na kishindo, betri iliyokwisha, au simu iliyosahauliwa jikoni. Leo kabla hujalala, mpigie mzazi wako, kisha mpigie na jirani yake. Mwulize yule jirani neno moja tu: akikuita usiku, utamsikia?