Mzee Anayesahau na Jua la Kiangazi

Kila mwaka, mwezi wa Agosti na Septemba, mvua zikiwa bado, sisi wauguzi huletewa wazee ambao ndugu zao husema, "Alikuwa anasahausahau tu, lakini tangu juzi amerukwa na akili." Tunamkumbuka bibi mmoja aliyeletwa kwa baiskeli kutoka upande wa Nyantakara. Usiku aliongea na watu wasioonekana, na majirani walikwisha kuanza kunong'ona habari za uchawi. Tulipomvua sweta na vitenge viwili tulikuta ngozi kavu na midomo iliyopasuka, na hakuwa amekojoa tangu jana yake. Alipewa maji kwa dripu. Siku ya tatu alirudia hali yake ya zamani: jina la mjukuu limempotea, lakini anakula, anacheka, na rozari anaisali bila kukosea.

Bibi huyu ana ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu polepole, ambao wataalamu huuita dimensia. Siyo laana, wala siyo uzee wa kawaida. Na macho mekundu ya bibi ni ya moshi wa kuni wa miaka mingi. Uchunguzi uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, mwaka 2010 ulionyesha kwamba katika wazee 100 wenye miaka 70 na zaidi, kama 6 wanao ugonjwa huu. Dawa ya kuuponya haipo. Joto, hata hivyo, huzidisha taabu yake, na hilo tunaweza kulipunguza.

Mwili hujipoza kwa jasho, na jasho ni maji. Mzee yeyote husikia kiu kidogo kuliko kijana. Mwenye dimensia, hata akisikia kiu, anasahau kikombe kiko wapi, au anashindwa kusema. Atavaa koti saa saba mchana. Tena zipo dawa zinazoongeza hatari: za presha zinazomfanya mtu akojoe sana, na baadhi ya zile za kutuliza akili, ambazo hupunguza jasho. Msimwachishe wenyewe, mwulizeni mganga.

Lakini tuseme ukweli, jua haliwaumizi wote sawasawa. Huko Chicago, Marekani, joto la Julai 1995 liliua watu zaidi ya 700, wengi wao wazee walioishi peke yao, na mitaa ya maskini ndiyo iliyoumia zaidi. Kwetu ni nyumba ndogo ya bati isiyo na dari, miti iliyokwisha kukatwa kwa mkaa na kuchomea matofali, na kisima cha mbali. Dumu moja la lita 20 lipikie, lioshee watoto, na mzee awe wa mwisho. Watu wakienda shambani, mzee hufungiwa mlango asipotee. Tunawaelewa, maana njaa nayo haingoji. Hata hivyo chumba kile saa nane mchana ni tanuru.

Hapo ndipo jumuiya ndogo ndogo zinaweza kusaidia kuliko sisi hospitalini. Nyumba tatu au nne zipeane zamu: leo babu akae chini ya mwembe wa jirani huyu, kesho wa yule. Asiambiwe tu "kunywa". Awekewe kikombe mkononi, kidogo kidogo, kutwa nzima. Uji mwepesi, papai na nanasi navyo vina maji. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo aulize kwanza kiasi chake.

Dimensia huzidi kwa miezi na miaka. Mzee akibadilika kwa siku moja au mbili, akisinzia mno au kuweweseka, kuna jambo jingine: upungufu wa maji, malaria, ugonjwa wa njia ya mkojo au homa ya mapafu. Aletwe siku hiyohiyo. Mwili ukiwa wa moto sana naye haeleweki, msingoje gari: mwekeni kivulini, mpunguzieni nguo, mlowesheni kwa maji na kumpepea, hata njiani. Panadol haishushi joto la namna hii. Aliyezimia asinyweshwe kitu, atapaliwa.

Mkija, leteni dawa zote anazotumia, hata za miti shamba, na aje mtu anayekaa naye kila siku. Mara nyingi huyo ni mjukuu wa miaka kumi, naye tutamsikiliza.