Mgomba Hausahau Wazazi Wake

Kijana mmoja wa Majengo, Pumwani, alinijia baada ya sala ya alasiri, uso umemshuka. Alikuwa ametoka katika ofisi moja kutafuta kitambulisho, na karani amemwuliza swali lililomfunga ulimi: "Kabila lako?" Mamake ni Mdigo wa Likoni, babake ni mwana wa Mkikuyu aliyesilimu akaoa Mkamba, na nyumbani kwao lugha ni moja tu, Kiswahili.

"Mwalimu," akaniambia, "nilipoeleza walinicheka. Wakasema mimi chotara, sina asili."

Sikuwa na jibu la papo kwa papo. Nikamwambia, "Twende Gikomba, mwanangu, tukanunue ndizi."

Msomaji, Pumwani ni mtaa wa tangu miaka ya 1920, nao ulijengwa nyumba za Kiswahili, ukumbi katikati na vyumba huku na huku, kama zile za kwetu Mwambao. Kutoka hapo hadi soko la Gikomba ni hatua chache. Tulikuta mikungu imelazwa chini: Kampala, kisukari, na mkono wa tembo. Nikashika chane moja nikamwuliza, "Mbegu zake ziko wapi?" Akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Ndizi ina mbegu, Mwalimu?"

Ndizi ya mwituni inayo, tena tele, ngumu kama changarawe. Asili yake ni Asia, nako kuna migomba miwili iliyozaa karibu kila ndizi tulayo: *Musa acuminata* na *Musa balbisiana*. Mwaka 1955 wataalamu Simmonds na Shepherd waliipa herufi, wa kwanza A, wa pili B. Mkono wa tembo ni AAB, bokoboko ni ABB. Hata Kampala, ambayo ni AAA, ina damu ya migomba ya A ya visiwa na nchi mbalimbali. Kwa ufupi, chane ile mkononi mwangu ilikuwa ya machotara watupu.

Je, wataalamu hujuaje nani mama na nani baba? Neno lao ni vinasaba, na sisi tuliolelewa kwa nasaba hatulioni geni. Vinasaba vingi vya mmea vimo katika kiini cha seli, na humo vya mama na vya baba huchanganyika. Lakini ndani ya jani mna vijumba vya rangi ya kijani, viitwavyo kloroplasti, vinavyopika chakula kwa nuru ya jua. Hivyo vina vinasaba vyao wenyewe, visivyochanganyika. Mna na vijumba vingine, mitokondria, vinavyotoa nguvu. Katika mimea mingi vyote viwili hurithiwa kwa mama. Mgomba una ajabu yake: mwaka 1994 ilithibitika kwamba kloroplasti huzipata kwa mama, na mitokondria kwa baba. Kila mgomba, basi, hubeba barua mbili, ya kuumeni na ya kukeni. Mwaka 2002 Françoise Carreel na wenzake walizisoma barua hizo katika aina nyingi za ndizi na kufuata nasaba zake.

Habari iliyonifurahisha zaidi ilitoka mwaka 2011. Watafiti wakisaka wazazi wa Cavendish, ndizi inayojaza maduka ya Ulaya, na wa Gros Michel, ambayo ndiyo Kampala yetu, waliwakuta jamaa zao wa karibu katika ndizi za kundi la Mlali, zipatikanazo Zanzibar, Komoro na Madagaska. Ndizi ya matajiri ina wajomba Mwambao!

Wala si mchezo wa wasomi. Ndizi isiyo na mbegu hupandwa kwa chipukizi, kwa hiyo miche yote ni nakala moja. Ugonjwa ukiupata mmoja, umewapata wote. Ndivyo maradhi ya Panama yalivyoimaliza Gros Michel katika mashamba makubwa ya Amerika ya Kati. Aina mpya ya maradhi hayo, inayoiua Cavendish, ilithibitishwa Msumbiji mwaka 2013. Atakaye kuzalisha mgomba wenye kinga hana budi kurejea kwa wazazi. Asiyewajua hana pa kuanzia.

Tulirudi tukila kisukari. Nikamwambia kijana, "Waliokucheka walikula ndizi asubuhi. Chotara ana asili mbili, vipi asemwe hana hata moja?"

Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Na wewe, Mwalimu, nyanya yake mamako aliitwa nani?"

Nikababaika. Chuoni nilihifadhi majina saba ya mababu, baba kwa baba, na hadi leo nayasoma bila kusita. La bibi huyo silijui. Na sisi binadamu mitokondria twazirithi kwa mama, naye kwa mamake. Hivyo barua yake nimeibeba miaka hamsini na zaidi bila kuuliza ni ya nani. Mgomba umenishinda adabu.

Jumatatu kijana alirudi ofisini. Safari hii aliandika majina ya wazazi wote wawili na ya wazazi wao, ukurasa mzima. Karani hakucheka. Lakini kitambulisho, hadi naandika haya, hakijatoka.