Bashi mpya juu ya kamionete: itengeneze wewe mwenyewe, lakini bila hatari



Kamionete ya bashi inasaidia jamaa sana. Inampeleka baba kazini, inabeba mifuko ya unga na ya makala, na siku ya Mungu watoto wanapanda nyuma kwenda kusalimia ndugu Kipushi au Likasi. Lakini bashi inazeeka. Jua linaikausha, mvua inaiozesha. Plastiki ya dirisha la nyuma inakuwa ya manjano, halafu inapasuka. Wengi wanasema: «Si neno, motokari ingali inatembea.»

Ni neno kubwa. Soma sababu yake, kisha tutakuonyesha namna ya kufanya kazi hii katika lupango lako.

MOSHI UNARUDI NDANI

Motokari ikikimbia, hewa inazunguka nyuma yake na kuvuta moshi wa bomba. Umekwisha kuona vumbi jekundu linavyopanda nyuma ya kamionete na kuingia ndani. Moshi unapita njia ile ile, kwa tundu la dirisha lililopasuka. Vumbi unaliona. Lakini ndani ya moshi kuna gesi ya sumu ambayo huioni, wala haina harufu. Wanaoivuta kwanza ni wale waliokaa nyuma, ni kusema mama na watoto.

Gesi hiyo ni monoksidi ya kaboni. Wewe unayeshuka chini ya udongo unaijua: ni sababu moja ya kungoja hewa isafishwe baada ya baruti kulipuka. Wewe mama, ni ile ile inayotoka katika mbabula ya makala mkiiweka ndani ya chumba kilichofungwa. Inashika damu kwa nguvu kupita oksijeni zaidi ya mara 200, na mtu anakosa pumzi ijapokuwa anapumua. Katika mashimo ya makaa ya mawe ya Uingereza, watu walishuka na ndege wadogo mpaka mwaka 1986, kwa kuwa ndege alilegea mbele ya mtu, na hapo wote walijua kukimbia. Usimfanye mtoto wako kuwa ndege yule.

Basi, mbele ya kugusa bashi, tazama bomba la moshi. Lisiwe na tundu, na mwisho wake utokeze nje, nyuma ya bodi. Bashi nzuri juu ya bomba lililotoboka haiponyeshi mtu.

CHAGUA SIKU

Fanya kazi siku ya joto, mwezi wa 9 au wa 10, mbele ya mvua kuanza. Asubuhi za baridi za mwezi wa 6 na wa 7, plastiki inakuwa ngumu na inavunjika ukiikunja. Tandaza bashi na plastiki juani kwa nusu saa ili zilainike.

Weka motokari nje, mahali pa sawasawa. Zima motere, vuta freni ya mkono, weka mawe kwenye magurudumu. Usifanye kazi hii ndani ya garaje iliyofungwa.

KAZI YENYEWE

1. Toa bashi ya zamani polepole, bila kuipasua. Ndiyo kipimo chako. Andika kwa chaki «mbele», «kuume», «kushoto». Buloni zote ziweke katika kopo moja. Kama kutu imeshika, tia mafuta na ungoje. Usipige kwa nguvu.

2. Tazama vyuma vinavyobeba bashi. Sugua kutu, paka rangi, iache ikauke. Ncha kali itatoboa bashi mpya kwa mwezi mmoja. Unaposugua, vaa miwani ya usalama. Jicho la nyumbani ni jicho lile lile la kazini.

3. Tandaza bashi ya zamani juu ya mpya, fuata mipaka yake kwa chaki, ongeza sentimita 3 kila upande kwa kukunja. Kama ni bashi ya pamba, ongeza kidogo tena, maana pamba inajikunja ikilowa mara ya kwanza. Ukikata, kisu kiende mbali na mwili wako, na mkono mwingine usikae mbele ya kisu. Watoto wakae mbali.

4. Dirisha ulitengeneze bashi ikiwa chini. Usikate tundu kwanza! Weka plastiki mahali pake, ipite ukubwa wa tundu kwa sentimita 3 pande zote, shona, ndipo ukate kitambaa cha ndani. Hivi dirisha halitapindika. Plastiki iwe nene karibu milimita 1. Uzi uwe wa nailoni au wa poliesta. Uzi wa pamba unaoza. Matundu ya sindano yasikaribiane sana, maana plastiki itapasuka kwenye mstari kama karatasi ya stempu. Huna mashini ya nguvu? Upelekee fundi wa viatu mshono huo tu, mengine fanya wewe.

5. Panda bashi juu ya vyuma mkiwa wawili. Tumia ngazi, usikanyage vyuma. Anza kufunga mbele, katikati. Kisha nyuma, katikati. Mwisho pembeni, kuume na kushoto kwa zamu. Ukimaliza upande mmoja kwanza, mikunjo haitatoka tena.

6. Jaribu. Kaa ndani, mwenzako amwage ndoo ya maji juu. Pale maji yanapopita, moshi nao utapita. Paka kole juu ya mshono ule.

ESANSE SI MAJI YA KUOSHEA

Kole ya zamani inashika sana, na watu wengine wanaitoa kwa esanse. Usifanye hivyo. Mvuke wa esanse ni mzito kuliko hewa: unatambaa chini mpaka kwenye mbabula ya jirani, na moto unarudi kwako. Tena una benzini, sumu inayoweza kuleta kansa ya damu. Kwangua kole kwa kisu butu na maji ya moto yenye sabuni. Kole mpya nayo ina mvuke mbaya: ipake mahali penye upepo, bila sigara, bila mbabula karibu, na ufunge kopo mara moja. Kamwe usiitie katika chupa ya limonade, mtoto atakunywa.

Dirisha jipya lisafishe kwa maji mengi na kitambaa laini. Ukilipangusa kavu, vumbi linalikwaruza, na usiku taa za kamioni nyuma yako zitakupofusha.

MTU AKIPATWA NA GESI

Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kutaka kutapika, miguu kukosa nguvu, usingizi. Watu wawili au watatu wakilalamika pamoja ndani ya motokari, usiseme ni malaria wala uchovu wa safari. Simama, zima motere, watoe wote nje kwenye hewa safi. Asiyepumua, mpulizie pumzi kinywani. Kisha mbio hospitali, wapate oksijeni, hata kama wanasema wamepona. Mama mwenye mimba aende wa kwanza, kwani gesi inamfikia mtoto tumboni. Maziwa hayatoi gesi hii katika damu. Usipoteze wakati kuyatafuta.

Na mpaka dirisha litengenezwe, mtu asikae nyuma. Mifuko ya makala haivuti pumzi, ibebe hiyo.

Kazini unachunguza hewa mbele ya kuingia shimoni. Chunguza vilevile hewa ya watoto wako.