Kuvu na Tiba Yake, Sehemu ya Tatu: Udongo wa Shambani na Tembe ya Kemisti

Mnamo Aprili 1, 2025, Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti zake za kwanza kuhusu upungufu wa dawa na vipimo vya magonjwa ya kuvu. Habari moja iliyomo imeninyima usingizi: kwa muda wa miaka kumi, dawa mpya za kuvu zilizoidhinishwa na mamlaka za Marekani, Ulaya au Uchina ni nne tu. Nne, kwa walimwengu wote. Nasi hapa Eldoret, mji uliotawazwa kuwa jiji Agosti 2024, tunazitumia dawa kuukuu tulizo nazo kana kwamba makali yake hayataisha kamwe. Mtu huingia kemisti, hutaja fangasi, hupewa tembe moja, hulipa na kwenda zake. Haulizwi kitu wala hapimwi.

Waliofuatana nami katika sehemu mbili za mwanzo wanajua kwamba Candida albicans ni aina ya hamira inayoishi mdomoni, utumboni na ukeni mwa watu wengi wenye afya njema, na kwamba taabu huanza pale bakteria walinzi wanapopungua au kinga ya mwili inapodhoofika. Sitayarudia hayo. Leo nataka tufike kwenye dawa, na njia ya kufikia dawa inapita kwa mabibi wawili ambao nimewaheshimu tangu ujana wangu.

Elizabeth Lee Hazen alizaliwa Mississippi mwaka 1885, akafiwa na wazazi wote wawili akiwa mtoto mdogo, akalelewa na jamaa. Rachel Fuller Brown alizaliwa Massachusetts mwaka 1898, na karo yake ya chuo ililipwa na rafiki tajiri wa nyanya yake. Wote wawili waliajiriwa na maabara za idara ya afya ya jimbo la New York, lakini Hazen alifanya kazi katika jiji la New York, naye Brown alikuwa Albany, mwendo wa zaidi ya kilomita 200. Hazen alikusanya udongo popote alipoweza kuupata, akaotesha vijidudu vilivyomo, kisha akavijaribu dhidi ya Candida na dhidi ya Cryptococcus, kuvu inayoshambulia utando wa ubongo. Kilichoonyesha dalili njema alikitia kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, ile ya kuhifadhia matunda, akakipeleka posta. Brown alikipokea Albany, akakamua ndani yake kiini chenye nguvu, akakirudisha kwa posta hiyo hiyo ili Hazen akijaribu upya. Kazi ilikuwa ya kuvunja moyo, kwa sababu vingi vilivyoua kuvu viliua pia panya wa majaribio.

Mwaka 1948 bahati ikaangukia mikono isiyochoka. Hazen alikuwa amewatembelea marafiki zake wa jamaa ya Nourse kwenye shamba lao karibu na Warrenton, Virginia, akachota udongo wa hapo. Ndani yake mlikuwa na kijidudu ambacho baadaye kiliitwa Streptomyces noursei kwa heshima ya wenye shamba. Kilichotoka humo kiliua kuvu na kumwacha panya hai. Matokeo yakatangazwa mwaka 1950, na dawa ikapewa jina la nistatini kutokana na jimbo la New York. Ilikuja wakati ambapo haikuwa na mbadala wa maana. Penisilini na zilizoifuata zilikuwa zimeenea hospitalini, zikiua bakteria wabaya pamoja na walinzi, hata mgonjwa akawa anapona mapafu huku mdomo wake umejaa utando mweupe.

Nistatini ilitumika hata kuokoa michoro ya kale iliyoota kuvu baada ya mafuriko ya Florence, Italia, mwaka 1966. Mrabaha wake ulizidi dola milioni 13. Mabibi hao hawakujiwekea hata senti moja. Fedha zote zilikwenda kwenye utafiti na katika kuwasaidia wanasayansi wengine, nao wakaendelea kuishi kwa mishahara yao ya serikali. Ningependa watoto wa shule zetu za Uasin Gishu wayajue majina haya mawili kabla hawajakariri majina ya matajiri.

Kwa nini tiba hizi ni adimu hivyo? Kwa sababu kuvu ni jamaa yetu wa karibu kuliko bakteria. Seli yake imejengwa karibu kama ya binadamu, na sumu inayoidhuru hutudhuru sisi pia kwa urahisi. Tofauti iliyo wazi ni mafuta ya utando wa seli yake, yaitwayo ergosteroli, ambayo sisi hatuna. Nistatini na ndugu yake amfoterisini huyang'ang'ania mafuta hayo na kuitoboa seli. Dawa za jamii ya azoli, yaani klotrimazoli, mikonazoli, flukonazoli na wenzao, huizuia kuvu isiyatengeneze. Jamii ya tatu ni zile za sindano za hospitalini. Ukizihesabu jamii zote zinazotegemewa, vidole vya mkono mmoja vinatosha.

Flukonazoli ilibuniwa katika maabara za Pfizer mjini Sandwich, Uingereza. Wenye umri wangu wanaikumbuka kwa uchungu. Kabla dawa za kupunguza makali ya virusi hazijafika, wagonjwa wa Ukimwi walishindwa kumeza hata uji kwa sababu ya kuvu kooni, na Cryptococcus ikawaua kwa maumivu ya kichwa yasiyoelezeka. Flukonazoli ilikuwapo duniani, lakini bei ya kampuni ilikuwa juu mno, ilhali kiwanda cha Thailand kiliitengeneza kwa gharama ndogo sana. Mwaka 2001 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Mali ya Viwandani, iliyofungua mlango wa dawa nafuu kutoka nje. Mwaka huo huo mpango wa AMPATH ulianza hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Moi na hospitali ya rufaa ya Moi wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Indiana. Tembe inayouzwa leo kwa bei ya chakula cha mchana ilipiganiwa na wagonjwa, mawakili na madaktari, na wengi wao hawakuishi kuifaidi. Ndiyo maana naumia nikiiona inatolewa kwa kubahatisha.

Tena azoli haziko kemisti peke yake. Wakulima wa ngano wa Moiben na Ziwa hupambana na kutu ya ngano, ambayo nayo ni kuvu, kwa dawa za kunyunyizia kama tebukonazoli, ya jamii hiyo hiyo. Katika nchi kadhaa imeshathibitishwa kwamba kuvu ya Aspergillus huzoea azoli huko shambani, kisha huingia mapafuni mwa watu ikiwa tayari sugu. Simlaumu mkulima anayelinda mavuno yake. Nasema ofisi ya kilimo na ofisi ya afya zingekaa meza moja. Tayari Candida auris, iliyoelezwa mara ya kwanza nchini Japani mwaka 2009, imepatikana kwenye damu ya wagonjwa waliolazwa Nairobi, na mara nyingi flukonazoli haiiwezi.

Sasa matumizi yenyewe, nafasi niliyobakiwa nayo ikiwa ndogo. Jambo la kwanza ni kupimwa. Mwasho na uchafu ukeni si lazima viwe hamira. Huweza kuwa bakteria, au trikomonasi inayoambukizwa kwa kujamiiana, na tembe ya fangasi haitagusa hata kimojawapo. Kipimo chake ni rahisi: majimaji kidogo kwenye kioo, tone la potasiamu haidroksaidi, kisha hadubini. Kila zahanati yenye maabara ingeweza kukifanya, na wananchi wanapaswa kukidai kama wanavyodai kipimo cha malaria.

Ikithibitika kuwa ni hamira, na mwanamke si mjamzito, flukonazoli humezwa miligramu 150 mara moja basi. Klotrimazoli ya kuweka ukeni ni miligramu 500 usiku mmoja, au 200 kwa siku tatu, au 100 kwa siku sita. Usiache siku ya pili kwa kuwa mwasho umetulia. Mafuta ya baadhi ya krimu hizo hudhoofisha kondomu ya mpira. Mjamzito asimeze flukonazoli kwa ajili ya ugonjwa huu: utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2016 uliihusisha na kuharibika kwa mimba. Yeye hupewa klotrimazoli ya kuweka, kwa siku saba, chini ya uangalizi wa kliniki. Nistatini haipenyi kutoka tumboni kwenda kwenye damu, kwa hiyo hufanya kazi pale inapogusa tu. Mama anayemtilia mtoto matone asiyaache yamezwe upesi, ayapake ndani ya mashavu na juu ya ulimi.

Mwambie mfamasia dawa zote unazotumia. Flukonazoli huongeza nguvu ya warfarini hadi mtu akavuja damu, na huweza kuishusha sukari kupita kiasi kwa anayemeza glibenklamidi. Mwenye kifafa anayetumia fenitoini na mwenye ugonjwa wa mapigo ya moyo wasiimeze kabla ya kumwona daktari. Rifampisini ya kifua kikuu huipunguza nguvu. Ketokonazoli ya kumeza ikatae: Julai 2013 mamlaka za Ulaya zilipendekeza isimamishwe, na za Marekani zikaibana vikali, kwa sababu ya kuharibu ini. Krimu zile zenye dawa tatu kwa pamoja, steroidi ikiwemo, hutuliza mwasho huku kuvu ikinawiri chini yake.

Anayerudiwa na ugonjwa mara tatu au nne kwa mwaka asinunue tembe nyingine. Apime sukari, apime virusi vya Ukimwi, na aombe majimaji yaoteshwe maabara ili ijulikane ni aina gani ya Candida, maana Candida krusei haisikii flukonazoli na Candida glabrata huisikia kidogo.

Juma lijalo nitashughulikia mapunye ya watoto wa shule, na sababu ya griseofulvini kuyatibu ilhali haiwezi chochote mbele ya hamira.