Pikapu ya gitaa: usiingie mkenge!
Hapa Same ukitaja pikapu, watu wanafikiria gari la kushusha tangawizi toka Mamba Miamba. Mimi naongelea kile kidude cha sumaku na waya, kinachonasa mtikisiko wa nyuzi za gitaa la umeme.

Siyo siri, ukitaka mkwaruzo mzito wa roki, pikapu ya koili moja ni kasheshe. Inanasa mpaka mvumo wa umeme, na ukifungulia distoshen mvumo nao unapanda, utadhani mashine ya kusaga! Dawa yake ni hambaka, pikapu ya koili mbili aliyoibuni Seth Lover wa Gibson mwaka 1955. Koili zinapingana, mvumo unakufa.

Mimi chaguo langu ni DiMarzio Super Distortion, iliyotoka mwaka 1972. Sumaku yake ya seramiki inaisukuma amplifaya barabara. EMG 81 nayo ni moto, ila inakula betri ya volti 9. Ikiisha katikati ya shoo, umeumbuka.

Muuzaji akikusifia omu nyingi, usibabaike. Waya ukizidi, sauti inakuwa butu.

Mshiko mdogo? Badili ile ya karibu na daraja tu, hapo ndipo mkwaruzo unapouma. Lakini pima tundu kwanza! Kama ni la koili moja, tafuta hambaka nyembamba, la sivyo utachonga gitaa la watu. Kuunganisha nyaya, muone fundi redio.

Haya, kazi kwenu!